TANGI LA MAJI YA MVUA: HESABU KWANZA, FUNDI BAADAYE

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, mwanachama wa Chama cha Kiswahili

Somo langu la mwaka huu halimo katika silabasi ya Kiswahili, ingawa ndani yake mna hesabu, jiografia, fizikia kidogo na msamiati tunaoutumia nyumbani kila siku bila kuufikiria. Somo lenyewe ni tangi la maji ya mvua katika kiwanja cha nyumbani: namna ya kulipima, kuliweka na kulitunza.

Nimelichagua kwa sababu shule yetu ni ya kutwa. Wengi wetu, na hasa wasichana, huanza siku kwa kubeba mtungi wa lita 20 kabla ya kushika kalamu. Maji ya mtungi huo peke yake yana uzito wa kilo 20. Kiangazi kikikaza, foleni kisimani huwa ndefu, na kengele ya shule haimngoji mtu. Anayechelewa kwa sababu ya maji huandikwa mchelewaji sawa na aliyelala. Kwa hivyo tangi si pambo la kiwanja. Ni saa mbili za usingizi au za kusoma, kila siku ya Mungu.

Hapa Ukambani tumeona pande zote mbili za jambo hili. Kuanzia mwisho wa mwaka 2020 hadi mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilifuatana bila mvua ya kutosha katika sehemu nyingi kavu za Kenya. Kisha ikaja mvua ya El Niño mwishoni mwa 2023, na mafuriko ya Machi hadi Mei 2024. Yule yule aliyelia kwa ukame alilia kwa gharika, na maji yote hayo yakapita mbele ya mlango wake yakaenda zake mtoni. Wahenga walisema akiba haiozi. Lakini akiba huhitaji chombo, na chombo huhitaji akili.

Fundisho langu ni moja, nalo ni hili: tangi huwa la mwisho kununuliwa, si la kwanza. Kijijini kwetu kuna matangi kadhaa meusi yaliyonunuliwa kwa pesa za chama cha akina mama, tena kwa jasho la miezi mingi. Baadhi yao yamekaa msimu baada ya msimu bila tone. Ukiuliza utaambiwa, "Mvua haikuwa nzuri." Kumbe mvua ilikuwako! Pesa zote ziliishia kwenye tangi, zikakosekana za msingi na za gata, na fundi akasema, "Mama, hiyo gata tutaweka siku nyingine." Siku nyingine haijafika mpaka leo.

JAMBO HILI SI GENI

Kabla hatujaingia kwenye kazi, tusidhani kuvuna mvua ni ujuzi ulioletwa juzi. Katika visiwa vya Lamu, ambako maji ya visima vingi yana chumvi, Waswahili walijenga jabia. Jabia ni sakafu pana iliyopigwa lipu ikainamishwa kidogo, ili mvua inayoianguka iteremke hadi ndani ya birika. Kule Mombasa, ndani ya Fort Jesus, ngome iliyoanza kujengwa mwaka 1593, kuna birika lililochimbwa kukinga maji ya mvua, kwa sababu askari waliozingirwa hawangeweza kutoka kwenda kuteka. Siri ya jabia na ya birika ile ni moja na ya tangi letu: pawe na mahali pa kukinga, njia ya kupitisha na chombo cha kuweka. Kimoja kikikosekana, viwili vilivyobaki ni bure.

HESABU YA KWANZA: PAA

Mahali petu pa kukinga ni paa la mabati. Paa la nyasi halifai kwa maji ya kunywa, kwa sababu maji yake hutoka na rangi na uchafu. Paa la asbesto, au lililopakwa rangi yenye risasi, pia tusilitumie kwa maji ya kunywa.

Pima urefu na upana wa nyumba ukiwa chini ardhini, kutoka ukingo mmoja wa paa hadi ukingo wa pili. Usipande juu kupima bati kwa mteremko wake. Mvua huanguka kutoka juu kuja chini na haijali paa limeinama kiasi gani. Tuseme nyumba ina urefu wa mita 10 na upana wa mita 6. Eneo lake ni mita 60 za mraba.

HESABU YA PILI: MVUA

Mvua hupimwa kwa milimita, na wengi wetu husikia neno hilo redioni likapita tu. Maana yake ni rahisi. Milimita 1 ya mvua ikianguka juu ya mita 1 ya mraba, maji yake ni lita 1 kamili. Hebu thibitisha: sentimita 100 mara sentimita 100 mara sentimita 0.1 ni sentimita 1,000 za ujazo, nayo ndiyo lita 1.

Lakini si maji yote yatafika tangini. Mengine huruka, mengine hukauka juu ya bati la moto, mengine humwagika kwenye maungio. Kwa bati zuri lenye gata nzuri tukadirie kwamba katika kila lita 10 tunapata 8. Basi kanuni yetu ni hii:

Lita za maji = eneo la paa × milimita za mvua × 0.8

Mvua moja nzuri ya milimita 20 juu ya nyumba yetu itatupa 60 × 20 × 0.8, yaani lita 960. Hiyo ni mitungi 48 ya kubeba kichwani au mgongoni, imeletwa hadi nyumbani usiku mmoja bila mtu kuamka.

Ukitaka kujua mvua ya kwenu wenyewe, chukua kopo lenye ubavu ulionyooka, liweke mahali pa wazi mbali na miti na kuta, kisha kila asubuhi pima kina cha maji kwa rula na uandike daftarini. Baada ya msimu mmoja utakuwa na takwimu za boma lenu.

HESABU YA TATU: SIKU ZA KIANGAZI

Hapa ndipo watu wengi hukosea, kwa kuwa huuliza, "Tangi la lita ngapi ni bei gani?" badala ya kuuliza, "Tutakaa siku ngapi bila mvua?" Kwetu mvua za masika huisha mwezi wa Mei, na za vuli huanza Oktoba. Tuweke siku 130 katikati.

Jamii ya watu 6, kila mmoja akitumia lita 5 kwa kunywa na kupikiwa, hutumia lita 30 kwa siku. Kwa siku 130 hizo ni lita 3,900. Basi tangi la lita 5,000 linatosha na kubakisha. Je, paa letu litaweza kulijaza? Kila milimita ya mvua hutupa lita 48, hivyo milimita 105 hivi zinatosha kulijaza kutoka sakafuni hadi juu.

Sasa tuingize bustani. Mboga kama sukuma wiki wakati wa jua huhitaji lita 5 hivi kwa kila mita ya mraba kwa siku. Kijibustani cha mita 20 za mraba kitakunywa lita 100 kila siku. Ukijumlisha na zile 30 za nyumba ni lita 130, na tangi lako la lita 5,000 litakwisha kwa siku 38. Yaani ukianza kuchota tarehe 1 Juni, ifikapo Julai 8 tangi ni kavu, sukuma wiki imenyauka, na mtungi umerudi kichwani mwa dada yako. Oktoba bado iko mbali.

Kwa nyumba na bustani pamoja ungehitaji lita 16,900, na paa letu lingehitaji mvua ya milimita 352 ya kuzijaza. Kwa hivyo ni lazima wazazi wakae chini waamue mapema. Mwenye tangi dogo na aseme wazi: maji haya ni ya kunywa na kupika, na bustani itapewa maji yaliyotumika mara moja, kama ya kuoshea mboga, ya kusuuza nguo na ya kuoga. Maji ya sabuni yamwagwe udongoni kwenye shina, si juu ya majani yanayoliwa. Bustani nayo isaidiwe kwa kufunika udongo kwa nyasi kavu, au kwa kupanda mboga kwenye magunia, ili maji kidogo yakae muda mrefu. Nasema haya kwa sababu ugomvi wa maji nyumbani hauanzi siku tangi linapokauka. Huanza siku lilipojaa na kila mtu akadhani ni lake.

MAHALI NA MSINGI

Lita 1 ya maji ni kilo 1, kwa hivyo tangi la lita 5,000 likijaa lina uzito wa tani 5. Ni sawa na kuegesha lori dogo kando ya nyumba kwa miaka yote. Usiliweke juu ya udongo uliojazwa juzi, wala kwenye ukingo wa shimo. Liweke karibu na kona ambayo gata mbili zinaweza kukutana, mbali na choo, na mbali na miti mikubwa ambayo majani yake huziba gata na mizizi yake hupasua msingi.

Kwa tangi la plastiki lenye kipenyo cha mita 2, jenga ukuta wa mawe wa duara wenye kipenyo cha mita 2.3 hivi na kimo cha sentimita 60. Jaza ndani mawe na murram, ushindilie vizuri, kisha umwage zege la sentimita 10 lenye wavu wa chuma ndani yake. Zege hilo ni simiti sehemu 1, mchanga sehemu 2 na kokoto sehemu 4. Limwagilie maji kwa siku 7 kabla ya kuliwekea mzigo, kwa sababu simiti hukomaa kwa unyevu, haikauki tu kama tope. Sakafu iwe sawasawa na isiwe na hata kijiwe kimoja, kwa kuwa kijiwe kilicho chini ya tani 5 hutoboa. Kimo cha sentimita 60 nacho si cha maringo: ni ili mtungi wa lita 20 uingie chini ya mfereji bila kuinamishwa.

Tangi likishawekwa, litie maji kidogo siku hiyo hiyo. Tangi tupu ni jepesi, na upepo huliangusha.

Wapo wanaopenda tangi la simiti na waya, ambalo fundi hulijenga papo hapo kwa lipu iliyopigwa juu ya wavu. Ni zuri na hudumu, na kwa lita nyingi laweza kuwa nafuu. Ila ukuta wake lazima uwekwe unyevu kwa majuma kadhaa, la sivyo utapasuka nyufa. Ukitaka kujua ujazo wake tumia kanuni ya mcheduara tuliyofundishwa. Kipenyo cha mita 2 na kimo cha mita 1.6 ni 22/7 × 1 × 1 × 1.6, yaani karibu lita 5,029.

GATA

Vitabuni tutasema mlizamu, dukani tutasema gata. Hapa ndipo tangi huishi au hufa. Gata iteremke kuelekea tangini sentimita 1 kwa kila mita 1. Kwa nyumba yetu ya mita 10, mwisho mmoja utakuwa chini ya mwingine kwa sentimita 10. Fundi asikisie kwa jicho. Afunge uzi na kutumia pimamaji. Gata iliyolala sawa huweka maji yaliyotuama, na gata iliyobonyea katikati humwaga yote pale katikati.

Mvua kubwa huteremka kwa kasi na kuruka gata. Dawa yake ni ukanda wa bati uliokunjwa, unaopigiliwa misumari chini ya ukingo wa paa, ukining'inia mpaka ndani ya gata. Maji yakiruka yanaugonga na kuanguka ndani.

Kumbuka pia kwamba nyumba ya paa la pande mbili yenye gata upande mmoja imetupa nusu ya mvua. Mita 60 za mraba zimekuwa 30, na ile mvua ya milimita 20 imekuletea lita 480 badala ya 960. Kama pesa ni chache, ni heri tangi dogo lenye gata pande zote mbili kuliko tangi kubwa lenye gata moja.

KUOSHA PAA

Wakati wa kiangazi paa hukusanya vumbi, majani na mavi ya ndege. Maji ya kwanza ya mvua yana kazi ya kuliosha, nayo yasiingie tangini. Kwa paa letu acha lita 30 hivi zipite kando. Njia ya nyumbani ni kugeuza bomba la kuteremsha maji mpaka paa lioshwe, kisha kulirudisha. Njia ya fundi ni kuungia bomba la pembeni lililozibwa chini, ambalo hujaa kwanza ndipo maji safi yaendelee tangini. Bomba la inchi 4 hubeba lita 8 hivi kwa kila mita, basi mita 4 zinatosha. Mvua ikiisha, fungua kizibo umwage, usije ukalikuta limejaa siku ya mvua nyingine.

MFUNIKO, MBU NA MFEREJI

Tundu la kuingilia liwe na wavu mwembamba, na mfuniko ufunge sawasawa. Mbu hutaga mayai majini na kwa muda wa wiki moja au mbili mbu wapya huruka. Tangi lililo wazi hufuga mbu wa malaria au wa homa ya dengi karibu na vitanda vyetu. Mfuniko pia huzuia mwanga, na pasipo mwanga ule ukijani wa majini haustawi. Zaidi ya yote, mfuniko huokoa watoto wadogo wasitumbukie.

Mfereji wa kuchotea uwe sentimita 5 hadi 10 juu ya sakafu ya tangi, ili tope lililotulia chini lisichotwe. Bomba la kumwaga maji yanayozidi lifike mbali na msingi, na hapo ndipo bustani itapata haki yake, kwa kuchimbiwa mtaro wa kuyapokea. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na usipoelekeza maji ya ziada utajenga msingi upya.

Safisha gata kabla ya kila msimu, na uoshe tangi mara moja kwa mwaka linapokuwa karibu tupu. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Maji ya mvua hayana chumvi na sabuni hutoa povu haraka, lakini utamu huo si ushahidi kwamba hayana vijidudu.

NENO LA KUFUNGIA

Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha. Ni vizuri kuidai haki hiyo kwa wakubwa, na tuidai. Lakini wakati tunaidai, mvua itakuja Oktoba na itaanguka juu ya mabati yetu bila kuuliza kama bomba la serikali limefika. Ndugu msomaji, kabla mzazi wako au chama chake hakijatoa shilingi, mwombe akupe dakika kumi na kalamu. Pimeni paa, hesabuni watu, hesabuni siku. Tenga pesa za gata, za msingi na za mfereji kwanza. Kitakachobaki ndicho kitakachokwambia ukubwa wa tangi.

MASWALI YA ZOEZI

1. Nyumba ina paa la mita 8 kwa mita 5. Mvua ya milimita 15 imenyesha. Tangi litapata lita ngapi?

2. Tangi la mcheduara lina kipenyo cha mita 1.4 na kimo cha mita 1.5. Litabeba lita ngapi?

3. Jamii ya watu 8 ina tangi hilo la swali la 2, na kila mtu hutumia lita 5 kwa siku. Litawafikisha siku ngapi? Je, wapande sukuma wiki kwa maji hayo? Toa sababu.

Majibu: swali la 1 ni lita 480, na ukipata 600 umesahau maji yanayopotea. Swali la 2 ni lita 2,310. Swali la 3 ni siku 57. Sababu nakuachia wewe, na ukitaka kunibishia, nitafute Ijumaa kwenye mkutano wa chama.